Bingwa wa judo akigeuka kocha wa taifa: tujifunze nini kwa Kosei Inoue

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Tanga, anacheza judo kilo 73, goti limeanza kumsumbua na anawaza kuingia kwenye ukocha mapema. Anasema kocha wa klabu yao alikuwa bingwa enzi zake, anawaendesha kwa fimbo na mazoezi ya mpaka mtu azimie, na wakilalamika anawajibu kwamba Wajapani ndo wanavyofanya na ndo maana wanabeba dhahabu. Anauliza hivi: ni kweli? Na je mtu akishakuwa bingwa si moja kwa moja anafaa kuwa kocha, maana kamsikia Kosei Inoue, bingwa wa Olimpiki aliyekuja kuinoa timu ya taifa ya Japani, na anataka kujua yule jamaa aliwezaje.

Mdogo wangu, asante kwa swali, na pole kwa goti. Nitaanza na Inoue kwa sababu ukimwelewa vizuri huyu mtu, la kocha wako halitahitaji maneno mengi.

Kwanza hili la bingwa kuwa kocha. Angalia tu Japani yenyewe, makocha wakuu wa timu ya wanaume kuanzia miaka ya tisini: Yasuhiro Yamashita, Hitoshi Saito, Shinichi Shinohara, Kosei Inoue, Keiji Suzuki. Wote watano walikuwa mabingwa wa dunia, hakuna hata mmoja aliyeokotwa njiani. Sasa tazama dhahabu za wanaume kwenye Olimpiki: Sydney 2000 tatu, Athens 2004 tatu, Beijing 2008 mbili, London 2012 sifuri, Rio 2016 mbili, Tokyo 2021 tano, Paris 2024 mbili. Kama ubingwa ndo ungekuwa unafanya kazi ya ukocha basi hizo namba zisingepanda na kushuka namna hiyo. Shinohara ambaye timu yake ilirudi mikono mitupu kutoka London alikuwa mnyama kwenye tatami, yani mkeka wa judo, 1999 kule Birmingham alichukua dunia mara mbili kwenye mashindano yale yale, uzito wa juu na uzito wa wazi, yani ule usio na kikomo cha kilo. Kwa hiyo medali ya kocha inakufungulia mlango, wachezaji wanakusikiliza siku ya kwanza, ila siku ya pili wanataka kujua una nini cha kuwapa.

Inoue amezaliwa 1978 mkoa wa Miyazaki, kusini kabisa kisiwa cha Kyushu, baba yake alikuwa askari polisi na mwalimu wa judo, na mtoto akaanza judo akiwa na miaka mitano. Akaenda sekondari ya Tokai Sagami alafu chuo kikuu cha Tokai, ambako alikuwepo Yamashita, na Yamashita sijui kama vijana wa siku hizi mnamjua vizuri, huyu ni mtu aliyemaliza maisha yake ya mashindano akiwa na mapambano 203 mfululizo bila kufungwa na dhahabu ya Los Angeles 1984 aliipata huku msuli wa mguu umechanika. Sasa kijana anakulia chini ya mtu wa namna hiyo. 1999 mama yake Inoue akafariki ghafla, na mwaka huo huo kijana akawa bingwa wa dunia chini ya kilo 100. Mwaka uliofuata Sydney akashinda mapambano matano, yote kwa ippon, yani ushindi kamili unaomaliza pambano pale pale, fainali akamrusha Mkanada Nicolas Gill kwa uchimata, na akapanda jukwaani kupokea medali ameshika picha ya mama yake. Wajapani wanaikumbuka ile picha mpaka leo.

Ngoja nikae kidogo kwenye hiyo uchimata maana ndo inabeba habari yote inayofuata. Wewe unacheza kwa hiyo unajua, ila kwa wengine wanaosoma: ni mtupo ambao unageuka mgongo kumwelekea mwenzio, mguu wako mmoja unabeba uzito wote, mguu mwingine unapita katikati ya miguu yake na kumkwangua juu kwenye paja la ndani. Watu wengi wanaoanza wanadhani kazi ni ya mguu, wanapiga teke kwa nguvu zote na mwenzao anabaki kasimama anawashangaa. Inoue kazi yake ilianzia mikononi. Mkono ulioshika mkono wa gi, lile vazi la judo, anauvuta juu na pembeni mpaka mwenzie anasimama kwenye vidole vya miguu, mkono wa kwenye kola unamleta kifuani, na hapo kabla mguu haujafika mtu ameshakuwa mwepesi, ule mguu unakuja kumalizia tu. Tafuta video zake za 2001 mpaka 2003 uziweke polepole, utaona kichwa chake kinageuka kwanza, alafu bega, alafu nyonga, mguu ni wa mwisho. Na wote waliopanda tatami kupambana naye walijua uchimata inakuja na bado walirushwa. Hiyo ndo maana ya kuwa na silaha.

Akaendelea hivo hivo, dunia tena 2001 Munich, 2003 Osaka nyumbani, na yale mashindano ya Japani nzima ambayo kwa kawaida yanapigwa tarehe 29 Aprili Budokan, ule ukumbi mkubwa wa Tokyo, yasiyo na uzito, mdogo na mkubwa wanakutana humo humo, akachukua miaka mitatu mfululizo 2001, 2002, 2003. Ile ya 2001 fainali alimfunga huyo huyo Shinohara niliyemtaja. Ya 2003 akamfunga Keiji Suzuki. 2004 Suzuki akamlipa. Kumbuka hayo majina mawili, yatarudi.

Athens 2004 Inoue anaenda akiwa kapteni wa msafara mzima wa Japani, sio wa judo tu, wa wanamichezo wote. Kila mtu kwao ameshamwandikia dhahabu. Robo fainali anakutana na Mholanzi Elco van der Geest, anarushwa ippon. Anashuka kwenye mapambano ya kutafuta shaba, anakutana na Movlud Miraliyev wa Azerbaijan, anarushwa tena. Anarudi nyumbani bila kitu. Mapema 2005 akachanika msuli mkubwa wa kifua upande wa kulia, akakaa nje zaidi ya mwaka, akarudi amepanda uzito anacheza juu ya kilo 100 na watu wanaomzidi mwili, akipigania nafasi ya Beijing.

Na ikaishia Budokan Aprili 2008. Robo fainali na Yohei Takai, dakika zinakwisha, yuko nyuma, akaingia uchimata. Haikutoka. Akaanguka vibaya, akabanwa chini mpaka ikawa ippon, na hapo ndo mlango wa Beijing ukafungwa na maisha yake ya mashindano yakaisha. Mimi kila nikiiangalia ile pambano roho inaniuma, ila naiheshimu sana, mtu kachagua silaha yake mwenyewe mpaka sekunde za mwisho.

Sasa sikia mdogo wangu, hapa ndo pa kuzingatia. Mtu kama huyu, bingwa wa Olimpiki, uso unaojulikana kila nyumba Japani, angeweza kukabidhiwa koti la kocha mwaka ule ule na hakuna ambaye angepinga. Hakufanya hivo. 2009 akaenda Uingereza kwa mpango wa kamati yao ya Olimpiki wa kusomesha makocha nje, akakaa karibu miaka miwili, Edinburgh alafu London. Akajifunza Kiingereza kutoka chini, akawa anaingia kwenye madojo, yani kumbi za mazoezi, ya kawaida yenye watoto, wazee, watu wanaotoka kazini wanakuja kutoa jasho saa moja na kurudi nyumbani. Jaribu kufikiria, umekulia mahali ambapo judo ni heshima, jasho na kutii, alafu unakuta mtoto anamuuliza mwalimu kwa nini tunafanya hivi, na mwalimu anamjibu vizuri tu bila kukasirika. Hiyo elimu haipatikani kwenye kambi ya taifa.

Aliporudi 2011 akawekwa msaidizi chini ya Shinohara, kwa hiyo London 2012 alikuwepo. Na London ilikuwa aibu kubwa, judo ya wanaume ya Japani kukosa dhahabu hata moja, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu judo iingie Olimpiki Tokyo 1964. Fedha mbili na shaba mbili, basi. Wanawake walipata moja tu, Kaori Matsumoto kilo 57. Novemba 2012 Inoue akateuliwa kocha mkuu akiwa na miaka 34.

Miezi miwili baadaye ikalipuka habari nyingine ambayo inagusa swali lako moja kwa moja. Januari 2013 ilijulikana kwamba wachezaji 15 wa timu ya taifa ya wanawake wamepeleka malalamiko kuhusu kupigwa na kutukanwa kambini, kocha mkuu wa wanawake akajiuzulu, uongozi wa chama cha judo ukatikisika mpaka juu na mwaka huo huo rais wa chama akaondoka. Kwa hiyo kocha wako anaposema Wajapani ndo wanavyofanya, mwambie kwa adabu kwamba ni kweli baadhi walifanya, na wachezaji wao wenyewe wakakataa mbele ya taifa zima. Na kuna jambo zito zaidi ya hilo. Japani kati ya 1983 na 2011 watoto zaidi ya 100 wamefariki kwenye judo za shuleni, wengi kwa kuumia kichwa, watoto wapya ambao ukemi, yani namna ya kuanguka salama, bado haijakaa mwilini, wanarushwa osoto gari, mtupo wa kuangusha mtu chali, na mtu mkubwa au wanaendelea kurushwa wakiwa wamechoka hoi na kichwa kinauma. Damu inavuja ndani ya fuvu bila mtu kuona kitu kwa nje. Mtoto akisema kichwa kinauma baada ya kuanguka mazoezi yameisha kwake siku hiyo, anaenda hospitali, hakuna majadiliano. Hili nakuandikia kwa uchungu kabisa kwa sababu naona madojo yetu mengi mikeka ni myembamba na chini ni sementi.

Turudi kwa Inoue. Kakabidhiwa timu iliyovunjika moyo, na nchi nzima inamwangalia. Alibadilisha nini? Mengi, ila nikwambie yale ambayo naona yana uzito.

La kwanza, aligusa mazoezi yenyewe. Kambi za zamani zilikuwa ni wingi, randori juu ya randori, yani mapambano ya mazoezi, anayebaki kasimama ndo mwanaume. Yeye akataka kila zoezi liwe na sababu. Akaleta mtaalamu wa chuo kikuu wa mambo ya misuli kusimamia mazoezi ya nguvu, kwa sababu aliona wazi kwamba Wajapani wanazidiwa mikono na Wazungu na watu wa Caucasus kabla hata mtupo haujaanza. Wapo wazee wa judo waliokuwa wanaamini nguvu ya judo inatoka kwenye judo tu, yeye akasema hapana, jimu ni muhimu. Alafu akawapeleka wachezaji kuonja mieleka mingine, sambo, jujitsu ya Brazil, mpaka sumo ya Okinawa. Hoja ilikuwa rahisi: Mgeorgia au Mmongolia anayekuja kushika mgongo wako juu ya bega hakufundishwa Kodokan, makao makuu ya judo Tokyo, amekulia na mieleka ya kwao, sasa ukitaka kumzuia nenda kaonje mieleka ile ikoje.

Jambo jingine ni kila kundi la uzito kuwa na kocha wake anayewajibika. Na kwenye uzito wa juu alimweka nani? Keiji Suzuki. Yule yule aliyemfunga fainali ya 2004, ambaye Athens alirudi na dhahabu wakati Inoue anarudi mtupu. Bingwa mwenye wivu hawezi kufanya hivo, anajizungushia watu wa kumsifia. Na Inoue alipoondoka 2021 ni Suzuki huyo huyo aliyepokea timu.

Kikaja kitengo cha takwimu cha chama chao ambacho kilikuwa kinachambua mapambano ya dunia nzima, nani anashika wapi, dakika ya ngapi anachoka, mpaka marefa, refa gani ana haraka ya kutoa shido, yani adhabu. Mfumo wao waliupa jina la Gojira, kama lile dude la kwenye filamu. Wewe huna Gojira lakini una simu, na kwenye intaneti mapambano ya IJF, shirikisho la judo la dunia, yamejaa bure, kaa na daftari uandike mpinzani wako anashika mkono gani kwanza. Hiyo tu tayari ni takwimu.

Na nje ya tatami aliwapeleka wakafinyange vyungu, wakajifunze utaratibu wa chai, wakaandike kwa brashi. Najua kuna mtu hapa anasoma anasema hayo yanahusiana nini na kurusha mtu. Mimi naona yanahusiana sana. Mchezaji wa timu ya taifa tangu ana miaka 12 hajafanya kitu kingine zaidi ya judo, anapopoteza pambano moja anaona maisha yote yameisha, sasa ukimkalisha chini atulie na udongo mikononi, afanye kitu asichokiweza na asione aibu, unamjengea utulivu ambao atauhitaji dakika ya nne akiwa na shido mbili.

Ila kama ungeniambia nichague tukio moja tu la kueleza Inoue ni kocha wa aina gani, ningechagua la Naohisa Takato. Huyu ni kijana wa kilo 60, kipaji cha kutisha, 2013 mwaka wa kwanza wa Inoue akawa bingwa wa dunia pale Rio akiwa na miaka 20. Tatizo lake nidhamu, anachelewa, anachelewa tena. 2014 chama kikamshusha daraja kutoka kundi la kwanza la timu ya taifa. Na Inoue akanyoa kichwa chake mwenyewe, upara. Kwao kunyoa hivo ni kusema kosa hili ni langu. Hakumpiga dogo, hakumtukana mbele ya wenzake, alichukua aibu akaivaa yeye kichwani hadharani, na kila asubuhi Takato akifika mazoezini anaona kile kichwa. Niambie kuna fimbo inayouma kuliko hiyo? Rio 2016 Takato akapata shaba, ilimuuma maana alitaka dhahabu, na tarehe 24 Julai 2021 akaingia Budokan, akashinda fainali dhidi ya Yang Yung-wei wa Taiwan kwenye muda wa nyongeza, na ikawa dhahabu ya kwanza kabisa ya Japani kwenye Olimpiki ile.

Matokeo sasa. Dunia 2013, mwaka wa kwanza tu: dhahabu tatu, Takato, Masashi Ebinuma na Shohei Ono. Rio 2016: wanaume wote saba, uzito wote saba, kila mmoja karudi na medali, Ono na Mashu Baker dhahabu, Hisayoshi Harasawa fedha baada ya kumsumbua Mfaransa Teddy Riner fainali nzima, na wengine wanne shaba. Tokyo: dhahabu tano, Takato, Hifumi Abe, Ono tena, Takanori Nagase na Aaron Wolf, huyu Wolf kwenye ule ule uzito wa chini ya kilo 100 ambao Inoue aliubeba Sydney, na tangu Sydney Japani haikuwa imeupata tena.

Niwe mkweli pia, sio kila kitu ni Inoue. Sheria zilibadilika, kushika miguu kulianza kubanwa 2010 na 2013 kukapigwa marufuku kabisa, na hiyo iliwasaidia wanaocheza judo ya kusimama wima na kushika kola na mkono wa gi, yani Wajapani hasa. Tokyo walikuwa nyumbani. Na kuna alichokosa: mashindano ya timu mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja, yalichezwa kwa mara ya kwanza Olimpiki hiyo hiyo na Ufaransa ikawachapa Japani 4-1 fainali, ndani ya Budokan. Na Harasawa, baada ya Rio alijisukuma mpaka mwili ukagoma, 2017 baada ya kuvurunda mashindano ya dunia madaktari wakamwambia amechoka kwa kuzidisha mazoezi, akalazimika kupumzika kabisa. Mtu wa kilo zaidi ya 120, fedha ya Olimpiki, mwili umekataa. Kwa hiyo hata kambi yenye wataalamu wote hao mtu anaweza kupita kiasi, sembuse klabu ambayo kipimo cha mazoezi ni nani ameanguka wa kwanza.

Kuna siku nyingine ya Inoue ambayo napenda makocha wetu waijue. Februari 2020 alikaa mbele ya waandishi kutangaza wachezaji wa Olimpiki. Kawaida kocha anasoma majina ya waliochaguliwa, anajibu maswali, anaondoka. Yeye akasema kilichokuwa kinamjia kichwani ni sura za walioachwa, akaanza kuwataja kwa majina na machozi yakamtoka pale pale. Uzito wa kilo 66 ulikuwa haujaamuliwa, na Desemba mwaka huo Hifumi Abe na Joshiro Maruyama wakakutanishwa Kodokan kwenye ukumbi usio na mashabiki kwa sababu ya korona, wakapigana dakika 24 mpaka Abe akapata. Dakika 24 mdogo wangu, pambano la kawaida ni dakika nne. Huko kwetu mchezaji anajua ameachwa kwa kusikia kwa watu, au anafika uwanja wa ndege anaambiwa jina lako halipo. Kumwambia mtu usoni kwamba hujachaguliwa na kwa nini, hiyo haihitaji bajeti.

Sasa wewe. Umeuliza bingwa si moja kwa moja anafaa kuwa kocha, na kwa maelezo hayo umeshaona Inoue alikaa miaka minne kati ya kustaafu na kukabidhiwa timu, na ile miaka minne aliitumia kuwa mwanafunzi na msaidizi. Mimi naamini kabisa zile ndo zilimtengeneza, pamoja na Athens. Mtu ambaye hajawahi kurushwa mbele ya dunia nzima akiwa kapteni, atakaa vipi na kijana anayelia chumba cha kubadilishia nguo? Na kitu ambacho wengi hawakioni, katika wale mabingwa wake wa Tokyo hakumlazimisha mtu acheze kama yeye. Ono anacheza cha kwake, Nagase ana miguu yake mirefu na ashi-waza, yani mbinu za miguu, Takato ana mitupo ya ajabu ajabu ambayo haiko kwenye kitabu chochote. Bingwa mbovu wa ukocha utamjua haraka, kila mwanafunzi wake anacheza mtupo mmoja, ule wa mwalimu, hata kama mwili haumruhusu.

Kwa goti lako, usisubiri liishe kabisa ndo uanze ukocha. Anza leo na watoto, siku mbili kwa wiki, na wafundishe kuanguka kwanza, wiki nyingi za ukemi kabla ya mtupo wowote wa nyuma. Usikae pembeni unapiga kelele, jizoeze ile sheria ya IJF kwamba kocha haongei mpaka refa aseme matte, yani simama, hapo una sekunde chache na unatakiwa kusema neno moja au mawili tu ambayo mchezaji atayabeba. Ukijizoeza hivo kwenye mazoezi utashangaa unavyoanza kuona vitu ambavyo zamani ulikuwa unavipigia kelele bila kuviona.

Kwa vyeti, IJF wana chuo chao, masomo ya nadharia unayafanya mtandaoni na vitendo mnafanya ana kwa ana, cheti cha kwanza ni cha mwalimu wa judo. Ni hela, lakini kuna mfuko wa Olympic Solidarity unaotoa ufadhili kwa makocha na unapitia kamati ya Olimpiki ya nchi, kwa kwetu ni TOC, na maombi lazima yapite chama cha judo, hauwezi kwenda mwenyewe mlangoni. Andika barua mapema, ambatanisha cheti cha mkanda na barua ya klabu, ufuatilie bila kuchoka. Zanzibar pia hapo jirani kuna judo iliyokua kwa mkono wa Mjapani aliyehamia kisiwani, panda boti ukakae wiki pale, angalia wanavyofundisha watoto. Na Andrew Mlugu alivyoenda Paris 2024 kwenye kilo 73, uzito wako huo huo, ameonyesha njia ipo, kwa hiyo watoto utakaowaanzishia leo sio wa kupoteza muda.

Kuhusu kocha wako, usigombane naye mbele ya watu, ni mkubwa wako na judo unayoijua kakupa yeye. Mfuate faragha, na mwenzio mmoja mnayeheshimiana naye, mumwombe mambo mawili tu kwa kuanzia: fimbo iwekwe pembeni, na mtu akipigwa kichwa apumzishwe. Akikubali hayo mawili mengine yatakuja taratibu. Akikataa la kichwa, hapo usibaki, na watoto unaowafundisha usiwaache wabaki, peleka taarifa kwa chama cha mkoa kwa maandishi na ubaki na nakala.